Nchi Isiyo Mvua

Shemeji yangu Jaafar alimleta yule mtu kwa kadhi kwa furaha ya mvuvi aliyenasa nguru. Aliitwa Barka, mtu wa Pate, mtia makaa wa meli za moshi. Alikuja kushuhudia kwamba mume wangu, Abdulghafur, amefia nchi iitwayo Chile, upande wa pili wa dunia, walikokwenda pamoja kuchimba shura ya kutengenezea baruti. Jaafar alikuwa na hamu na neno hilo tangu kaka yake apotee, kwa kuwa nyumba niliyokaa ingerithiwa. Mimi sikuwa na shida na nyumba. Nilimtaka mume wangu, na ili yeye awe hai ilibidi Barka awe mwongo.

Niliketi nyuma ya pazia, nikaomba ruhusa nimwulize mwenyewe. Kadhi akakubali.

“Nti hiyo i vipi?” nikamwuliza.

“Nti nyembamba, Bi Mwanamkisi. Huku bahari, huku majabali yenye theluji. Kati ni jangwa, mtanga mtupu. Mvua hainyi. Kuna wazee huko hawayapata kuiona.”

Watu barazani wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Pwani isiyo mvua!

“Na bahari yake?”

“Baridi, ukitia mguu wauma, na juu yuwa kali. Asubuhi ukungu huinuka baharini, nguo zikarowa, kisha ukenda zake bila tone.”

Njia ya mwongo fupi, nikajiambia. Moyo ulinidunda kwa matumaini.

“Kama nti haina mayi, mulimuosha na nini?”

“Kule juu machimboni mayi ya kunwa huletwa na gari la moshi, nasi hupimiwa. Niliomba, nikanyimwa. Nikamtayamamisha kwa mtanga.”

Hakuna aliyecheka. Nikaona anataka kuniponyoka, nikauliza la mwisho kwa ukali.

“Mulimuelekeza wapi?”

“Kaskazini, Bi. Kibulani, upande wa kuswalia, kama hapa Amu.”

Kadhi akashusha tasbihi. “Barka, nti hiyo i magharibi yetu, mbali sana. Mtu wa huko huelekea mashariki.”

“Bwana Kadhi, mwongo huyo!” nikapiga kelele. Hata Jaafar akainamisha kichwa.

Nikamsikia Barka akilia, mtu mzima, mwenye mikono ya kubeba makaa. “Tulikuwa wawili tu, mimi na maiti,” akasema. “Sikuyua. Tangu utotoni hatukuelekea kwingine.”

Kadhi akamtuliza: asiyejua akajitahidi, Mungu humsamehe. Halafu akasema nasi, polepole. “Mwenye kutunga uongo angeuliza kwanza kibula cha huko. Kosa hili hulifanya mtu wa kwetu, peke yake ugenini, na maiti mbele yake.”

Pale nikajua. Nilijua kabla hajamaliza kwamba Barka amesema kweli.

“Lakini sharia yataka mashahidi wawili, na huyu ni mmoja,” kadhi akaendelea. “Hukumu ya mirathi sitoi.” Jaafar akaguna. Kadhi akaligeukia pazia. “Bi Mwanamkisi, nafsi yako yamsadiki?”

Ningeweza kusema la. Ningerudi nyumbani kwangu mke wa mtu, nikatandika kitanda, nikamlaani Barka na mvua yake isiyonyesha, na pasingekuwa na wa kunipinga.

“Namsadiki,” nikasema. “Leo naingia eda ya kufiwa.”

Jaafar akaondoka bila kuaga. Barka naye akainuka. Nikamwomba akae kidogo. Nilikuwa nimemhoji habari za majabali na bahari, nimemhoji habari za ukungu, na hata mara moja sikumwuliza mume wangu alikufaje.