Khisa Hakumwagiwa Maji

Nelima alifika na maiti ya mumewe, Khisa, kwenye lango la makaburi ya misheni, karibu na Ainabkoi, akamkuta kakake Nicanor, katekista wa Wakatoliki, amesimama katikati ya njia na rozari mkononi.

"Dada, hapa hakuna ruhusa," Nicanor alisema. "Khisa hakubatizwa."

Khisa alikuwa wa dhehebu la Marafiki, na hao hawabatizi kwa maji; kwao Roho anatosha. Alisali kila alfajiri kabla ya kwenda kukamua ng'ombe wa Kaburu aliyemwajiri. Sasa Kaburu huyo hakutaka kaburi ndani ya shamba lake la ngano, na kwao Bungoma kulikuwa mbali mno kwa wafiwa wasio na gari.

Damu ilimchemka Nelima. Wazungu waligombania maji hayo huko kwao kabla babu yake hajazaliwa. Siku hizi padri na misionari wa Marafiki wakikutana mjini Eldoret husalimiana vizuri na kuulizana habari za mvua. Ugomvi wenyewe wamewaachia Wabukusu kama yeye na kakake, nao wanaulinda kama mali ya ukoo. Upuuzi mtupu.

Nicanor aliwatupia jicho wanaume waliobeba machela, kisha akamvuta dada yake kando. Alitoa kichupa cha maji ya baraka mfukoni.

"Wacha nimmwagie kidogo, tumwite Joseph," alinong'ona. "Nani atajua? Hata mama nilimfanyia hivyo."

"Mama alikuwa hai?"

Nicanor aliinamisha kichwa. "Alikuwa amekata roho kitambo."

Nelima alimtazama mtoto huyu wa mama yake, aliyenyonya ziwa moja naye.

"Kwa hiyo mama amelazwa humo ndani kwa uwongo wako," alisema kwa sauti, wanaume wote wasikie. "Na mume wangu anafukuzwa kwa sababu hakusema uwongo. Rudisha hicho kichupa mfukoni. Alizaliwa Khisa, atazikwa Khisa."

Akachukua jembe kwa mmoja wa wanaume, akaanza kuchimba palepale nje ya lango, katikati ya njia ya kuingilia. Wanaume walitazamana, kisha wakavua makoti na kumsaidia.

"Nelima, watu watapita wapi Jumapili?" Nicanor aliuliza.

"Watamzunguka," Nelima alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe utakuwa mbele yao. Wakikuuliza ni nani huyu, waambie ni shemeji yako."