Uzi wa Kupandia Kahawa

Gereji ya mwanangu Kilian iko uani kwangu, hapa Mbinga mjini, kwa hiyo hakuna gari linalonyooshwa matairi nisilione. Kazi hiyo anaifanya kwa uzi ule ule tuliopandia mistari ya kahawa marehemu baba yake alipokuwa hai. Anauvuta ubavuni mwa gari, unalala kwenye tairi la nyuma, kisha anachuchumaa mbele na kupima pengo kwa njiti ya kiberiti. Akimaliza, gari linateremka hadi ziwani bila kuvuta kushoto wala kulia. Mimi kumtazama napenda, kama wengine wanavyopenda mpira.

Binti yake, Gaudiosa, amerudi kutoka chuo cha ufundi na kimashine cha kusomea hitilafu za magari. Baba yake akawa anampa kuosha boliti tu. Wiki ile mtoto akaniambia amepata kazi kwenye gereji Songea, Jumatatu anaondoka.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "ningoje kidogo."

Sikuwa na kingine cha kumpa.

Jumamosi akaja Lusekelo, afisa kilimo aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, na gari jipya lenye usukani wa umeme. Alikuwa amegonga shimo njia ya Matiri, gari likawa linavuta upande. Alitaka kufika Chiwanda siku hiyo hiyo, na ule mteremko wa kwenda ziwani si wa kuchezea.

Kilian akaweka uzi, akanyoosha. Usukani ukabaki umekaa upande, basi akafanya alivyozoea: akauchomoa, akaurudisha ukiwa umenyooka. Akaenda kulijaribu barabarani, akarudi. Taa ya usukani imewaka, na gari linajivuta lenyewe kama ng'ombe aliyeona zizi. Akaweka uzi tena. Matairi yako sawasawa. Lusekelo akaanza kupiga simu kutafuta gari lingine.

Nilitamani kumwambia amwite binti yake. Nikaendelea kuchambua maharage yangu.

Mwisho Kilian akageuka. "Gaudi, njoo. Hili linataka nini?"

Gaudiosa akaweka boliti chini, akachomeka kimashine chake, akasoma.

"Matairi umeyanyoosha vizuri, baba. Ila usukani huu una kumbukumbu. Wewe umeuhamisha, wenyewe bado unakumbuka pale pa zamani, unalazimisha kurudi."

Kilian akauliza kama autoe tena. Gaudiosa akamwambia hapana, arudishe uzi tu. "Nataka matairi yakae kwenye uzi wako ndipo niufundishe usukani. Bila hivyo nitaufundisha uongo."

Basi baba akawa kwenye uzi, binti kwenye usukani. Akauzungusha hadi mwisho huku, hadi mwisho kule, akaurudisha katikati, akabonyeza. Taa ikazimika. Nimeishi miaka mingi, lakini chuma kuambiwa kunyooka ni wapi, na kikasikia, sikuwahi kuona.

Lusekelo akalizungusha mjini, akarudi anacheka. Akamshukuru Kilian, akataka kujua lilikuwa na nini.

"Muulize fundi," Kilian akasema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu.

"Fundi ana boliti za kuosha," Gaudiosa akajibu.

Kilian akachukua karai la boliti, akakaa kuosha mwenyewe.

Jumatatu basi la Songea likapiga honi pale kona. Gaudiosa alikuwa amechuchumaa mbele ya gari la watu, njiti ya kiberiti mkononi. Baba yake ameshika ncha ya pili ya uzi.