Bomba Lililosuuzwa Mara Tatu

Mwalimu, mama aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kusoma Kurani na kutawadha, alipekua suruali ya mwanawe kabla ya kuitia katika beseni la kufulia, akatoa mabomba ya sindano, mapya, kila moja limefungwa katika karatasi yake. Hakuwa mgeni wa msiba huo. Alijua kuwa mwanawe, seremala aliyekwisha kuuza hata randa yake, hujidunga unga. Lakini kuyaona yamefungwa vizuri hivyo, kama akiba ya safari ndefu, kulimchoma kuliko kujua. Aliyaponda kwa mchi, akayatumbukiza chooni, akayamwagia ndoo nzima ya maji.

Binti yake, mshonaji, alisikia kishindo akaacha cherehani, akaja na gauni la harusi alilokuwa akilishona.

“Mama, umefanya nini? Hayo kapewa na muuguzi wa kituo cha afya!”

“Muuguzi gani anayewasaidia watu kujiua?”

“Anawapa safi ili wasichangie. Damu ya mwenye Ukimwi ikibaki ndani ya sindano, anayefuata kajidunga nayo.”

“Basi akikosa sindano ataacha.”

“Aache, huyu? Toka alfajiri anagaragara kwa arosto, mwili unadai unga. Sasa hivi utamwona anakwenda kuchangia sindano ya Fundi Saa.”

Hakukawia. Kijana alitoka chumbani amekumbatia tumbo, jasho likimtiririka, akaitazama suruali iliyolowa.

“Mama, vitu vyangu viko wapi?”

“Chooni, vinapostahili.”

Akacheka kicheko kisicho na furaha. “Hewala, Mwalimu. Fundi Saa analo bomba lake. Na usihofu, sisi si wachafu: tunalisuuza mara tatu kwa maji yanayotiririka, mpaka rangi ya damu iondoke na harufu isibaki. Si ndivyo ulivyotufunza?”

Dada yake akamzibia mlango.

“Nipishe, dada, nisije nikakutapikia gauni la bibi harusi wa watu.” Akapenya, akaenda zake.

Mwalimu alibaki amesimama na mchi mkononi. Ndivyo alivyowafunza, kweli. Damu iliyoingia nguoni huoshwa hivyo, na watoto walilikariri somo hilo kwa sauti hadi wapita njia wakalihifadhi. Kwa muda mfupi alijipa moyo kwamba huenda yatosha. Kisha akajitanda mtandio, akatoka.

Dirishani pa kituo walikuwapo kina mama wenye watoto wachanga, wengi wao wanafunzi wake wa zamani. “Shikamoo, Mwalimu! Unaumwa?” Aliitikia kwa kichwa. Njia nzima alikuwa ametunga maneno ya kusema kuwa ametumwa na jirani.

“Nataka mabomba ya sindano,” alimwambia muuguzi.

“Ya nani, mama?”

Maneno aliyoyatunga yalimkimbia. “Ya mwanangu. Aliyokuwa nayo nimeyavunja mimi.”

Nyuma yake mazungumzo yalikatika. Muuguzi hakumlaumu, alimpa mfuko wa mabomba mapya.

“Na bomba lililokwisha kutumika, likisuuzwa vyema hata rangi ikaondoka?” Mwalimu aliuliza.

“Kirusi hakina rangi, Mwalimu, wala hakinuki. Ndani ya ile sindano hubaki damu ambayo jicho haliioni. Maji hayatoshi. Mkimbilie.”

“Nikimkuta amekwisha kujidunga?”

“Mlete leo hii apimwe, apewe dawa za kinga. Kadiri zinavyocheleweshwa ndivyo zinavyopungua nguvu, na zikipita siku tatu hazisaidii tena. Kisha azimeze kila siku, mwezi mzima, asiruke.”

Nyuma ya ghala lililofungwa, maskani ya wanaojidunga, Fundi Saa, ambaye vidole vyake vilipata kusifiwa na kila mwenye saa mbovu, alikuwa amechuchumaa penye mfereji wa maji akisuuza. Aliliinua lile bomba la sindano juani.

“Karibu, Mwalimu! Tazama, jeupe pe! Wewe mwenyewe ungelipitisha.”

Ukutani, mwanawe alikuwa ameegemea, macho yamefumba nusu, tone la damu mbichi likimshuka mkononi.

Mwalimu alimsukumia Fundi Saa mfuko kifuani. “Litupe hilo. Niliyofunza ni ya nguo na sala. Hili sikulijua. Maji hayaondoi kirusi.”

Fundi Saa alilitazama bomba, akamtazama kijana. Uso ulimshuka. “Mimi sijapata kupimwa, Mwalimu.”

“Basi mshike upande ule, twende sote.” Akainama. “Baba, inuka.”

“Wapi tena, mama? Nimetulia.”

“Kituoni.”

“Watu watakuona.”

“Wamekwisha kuniona.”

Wakamwinua. Kila magoti yake yalipolegea, uzito wote ulimwelemea mama begani. Mtandio ukamteleza shingoni, asipate mkono wa kuurudisha. Mwezi mzima, asiruke. Aliwaza juu ya mtoto huyu, ambaye hivi sasa hawezi kushika ahadi kutoka asubuhi hadi adhuhuri, akaona kuwa mwezi huo atauhesabu yeye, kidonge kwa kidonge, akisimama mbele ya kinywa chake. Na hata hivyo, huenda kirusi kimekwisha kuwatangulia ndani ya damu yake.

“Kaza mguu, baba,” alisema. “Kaza.”