Mama Arudi

Mjukuu wangu Wening aliugua homa mwaka ule ule mama yake alipokwenda Taiwan, na homa ilipomtoka, nywele zake zilikuwa zimeshikana kama sufi ya mto mkuukuu. Sikushangaa. Hapa Dieng, juu ya mji wa Wonosobo, watoto wa namna hiyo wapo tangu zamani, nasi tunawaita gimbal. Roho ya mzee wa kwanza wa uwanda huu ndiyo inayowachagua. Nywele zile ni zake, si za mtoto, na ukizikata kwa nguvu zinaota tena, na homa inakuja pamoja nazo. Unangoja mpaka mtoto mwenyewe aseme yuko tayari. Hapo ataomba kitu kimoja tu, na alichoomba lazima apewe, kiwe chepesi kiwe kizito.

Wengine huomba mambo ya kuchekesha. Mtoto wa jirani yangu aliomba bata, lakini si bata yeyote, alimtaka bata wa mwalimu wake, na mwalimu akamtoa huku amenuna.

Wening alinijia jikoni nikimenya papai ndogo za mlimani, hizi ninazozichemsha na sukari nikawauzia watalii kwenye chupa. Alikuwa ameshaanza shule.

"Bibi, sasa zikatwe. Zinaniwasha."

"Haya. Unataka nini, mjukuu wangu? Sema polepole."

"Mama arudi."

Kisu kikanitoka mkononi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa baiskeli. Desturi inataka mtoto aulizwe tena na tena, kuona kama moyo wake umetulia, basi nikamuuliza akiwa ameshiba, nikamuuliza akiwa na njaa, nikamuuliza akiwa amenikasirikia. Jibu halikubadilika hata herufi.

Partini, mama yake, ndiye mtoto wangu wa pekee. Aliondoka baada ya umande wa sumu. Ndivyo tunavyouita ule umande wa kiangazi unaoganda alfajiri na kubabua viazi mpaka majani yanakuwa meusi. Watalii wanaupenda kupita kiasi. Asubuhi ile walijaa shambani kwetu wakipiga picha ule weupe, wakisema wako Ulaya, na Partini amesimama katikati yao analia. Mmoja akamwomba asogee kidogo, anaharibu picha. Mumewe alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwingine huko chini. Basi Partini akafanya kama wenzake. Ukiwatafuta wanawake wa rika lake hapa kijijini utadhani ilipita tauni. Wako Taiwan, wako Hong Kong, wanawaogesha wazee wa watu.

Haukupita muda akaja bwana Hardono, mwenyekiti wa kamati ya tamasha. Siku hizi nywele zinakatwa kwenye mahekalu ya kale, kwa tiketi na vipaza sauti. Akaketi, akanywa chai yangu, akakohoa kwa heshima.

"Bibi Tumirah, ombi la huyu mtoto linatutatiza. Maombi yote huwekwa kwenye sinia, yakabebwa kwenye maandamano, wageni wakaona. Sasa mama mtu nitamweka kwenye sinia gani?"

"Tafuta kubwa."

"Nasema kweli, Bibi." Akamgeukia Wening, sauti ikawa ya asali. "Mrembo, baiskeli huitaki? Ya rangi ya waridi, ina kengele pia."

"Naitaka."

"Si unaona, Bibi!"

"Naitaka," akasema Wening, "lakini ninachoomba ni Mama."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Nikampa Hardono kofia yake, nikamwambia chai imekwisha. Lakini pale mlangoni akageuka, na safari hii hakuwa mwenyekiti, alikuwa mtu tu.

"Na asipokuja, Bibi? Mtoto akaugua? Mwaka juzi mmesahau?"

Hatukuwa tumesahau. Mtoto wa kitongoji cha pili alikatwa nywele kabla hajapewa alichoomba, akalala na homa mpaka mvua zilipoanza. Nilifunga mlango nikakaa chini. Ukali wangu wote haukunisaidia kitu.

Jumapili Partini alipopiga simu nilimwona usoni kwenye kioo cha simu, na nyuma yake yule mama mzee anayemuuguza akikoroma. Nikamwambia.

"Mama, umemfundisha wewe!"

"Mimi? Mimi ningemfundisha aombe paa jipya."

Hakucheka.

"Ombi likikataliwa, Partini..."

"Najua, Mama. Kwani nimezaliwa wapi?" Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nitaomba ruhusa. Mwambie nitarudi."

Akaja kweli. Alikuwa amenenepa, mweupe kwa kukaa ndani, ananukia sabuni ya hospitali. Wening aliinama akaugusisha mkono wa mama yake kwenye paji la uso wake, kama anavyomsalimu mgeni, akasema, "Karibu, Mama. Habari za safari?" Kisha akajificha nyuma yangu. Partini alicheka, akaenda jikoni kutafuta maji, na nikamsikia akipenga kamasi huko. Lakini mtoto ni mtoto. Kabla ya kiza kuingia alikuwa ameshamganda kama ruba, akienda chooni anamfuata, akikaa anamkalia.

Siku ya kukata nywele kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Watu wamejaa kuanzia barabarani hadi kwenye ngazi za hekalu, kamera juu. Watoto wakakaa kwenye mkeka, wamefungwa vitambaa vyeupe kichwani, na maombi yao mbele yao: mbuzi, hereni, simu, kapu la mayai. Hardono hakuwa amepata sinia ya kutosha, akamkalisha Partini kwenye mkeka ubavuni mwa mbuzi. Mbuzi akawa anakula ukingo wa shali yake.

"Wening ameomba nini?" mtangazaji akauliza kwenye kipaza sauti.

"Mama arudi!"

Umati ukaguna kwa huruma. Wako waliolia, wageni kabisa. Mzee Sarkawi, anayekata nywele hapa tangu mimi msichana, akamuuliza mtoto kama amepokea alichoomba. Wening akamtazama mama yake, akamgusa bega ili ahakikishe, akasema amepokea. Mkasi ukapita. Nywele zikafungwa kwenye kitambaa cheupe tukazipeleka ziwani, maji yakazichukua. Siku ile nilifurahi, sifichi. Nilimtazama mtoto na kichwa chake kidogo, amelala mapajani mwa mama yake, nikasema yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kesho yake nilikuwa nikifagia chumba nikaona sanduku la Partini limefungwa. Nguo alizofua amezirudisha ndani, zimekunjwa.

"Hili nini?"

"Ruhusa inakwisha, Mama."

"Mtoto ameomba urudi."

"Na nikikaa tutakula nini? Umande?"

"Mtoto ameomba urudi, Partini!"

"Na nimerudi!" akapaza sauti. "Kaomba nirudi, nimerudi. Hakusema nikae!"

Neno lilipomtoka, akaziba mdomo kwa mkono. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kumkumbatia, na sikufanya lolote. Nikachukua kandambili zangu nikaenda kwa Mzee Sarkawi, maana kama kuna mtu wa kumzuia ni yeye.

Alikuwa anaota moto. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Tumirah, alisema arudi. Amerudi. Linalotimizwa ni lililotamkwa. La moyoni halina shahidi."

"Ni mtoto, Mzee!"

"Ndiyo maana tunamuuliza mara nyingi. Wewe ulimuuliza mara ngapi?"

"Nyingi."

"Ukamuuliza arudi mpaka lini?"

Ningeweza kumpiga kwa kandambili. Nikatoka bila kuaga. Njia nzima nilimtukana, na mwisho nikaona najitukana mimi, maana mila hii ninaijua tangu utotoni, na neno lile niliiachia midomo ya mtoto nikafurahi kwamba halibadiliki.

Gari lilikuja asubuhi. Wening alikuwa uani amevaa kofia ya sufi niliyomfumia. Akaona sanduku.

"Unakwenda wapi, Mama?"

Partini akapiga magoti. Alikuwa amejiapiza hatalia, na alijitahidi. "Narudi Taiwan, mwanangu. Bibi yule wa huko hana wa kumgeuza kitandani."

"Unarudi?"

"Ndiyo. Narudi."

Wening akakunja uso, jinsi anavyofanya hesabu ikimshinda. "Kumbe hilo neno linakwenda kotekote," akasema polepole.

Hakulia. Akaugusisha mkono wa mama yake kwenye paji la uso, akasimama kando ili gari lipite. Likateremka, ukungu ukalimeza. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi.

Nywele mpya zikaota, laini, zinateleza. Majirani wakaja kuzishika wakamshukuru mzee wa uwanda. Homa haikuja. Hardono akaleta na baiskeli ile ya waridi, zawadi ya kamati, na lazima niseme ni mtu mwema kuliko nilivyodhani. Wening aliipanda mara moja akaiegemeza ukutani. Usiku akawa ananiuliza maswali. Homa inatoka wapi? Mzee wa kwanza anamchaguaje mtoto? Aliyekwisha kuchaguliwa anaweza kuchaguliwa tena? Nikamjibu ovyoovyo, nikiwa na usingizi, nikidhani ni udadisi wa shule.

Wiki chache baadaye umande wa sumu ukashuka tena. Nilijua kabla sijafungua macho, kwa namna hewa ilivyonyamaza. Nikapapasa kando yangu, hamna mtoto. Nikatoka mbio.

Alikuwa shambani, katikati ya viazi vilivyoganda, miguu mitupu, kofia hana. Kichwa kilikuwa kinachuruzika maji, na ndoo yetu ya jikoni imelala miguuni pake. Midomo imekuwa ya bluu.

Nikamfunika kwa shali yangu, namtingisha. "Una wazimu wewe? Unataka kufa?"

"Hapana, Bibi." Meno yalikuwa yanagongana, maneno yanatoka vipande vipande. "Nataka homa."

"Homa ya nini, mwanangu?"

"Homa ikija, nywele zitakuja. Safari hii nitaomba vizuri."

Akadhani sijaelewa, akanieleza, kwa uvumilivu, kama mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu.

"Nitasema: Mama arudi, akae, asirudi."

Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wake. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Na yeye akainua macho, akaniangalia usoni, akingoja nimwambie kama ni la moto.