Upande wa Pili wa Kaburi

Edmund alikuwa amejenga makaburi mengi kuliko nyumba, na hakuna hata moja lililowahi kumpa shida. Hili la Idodi lilimpa. Lilikuwa kaburi la watu wawili. Upande wa kushoto alilala marehemu Silvester, mwaka wa pili sasa. Upande wa kulia palizungushiwa tofali, patupu, pakimngoja mjane wake. Jofrey, mdogo wa marehemu, ndiye aliyempigia simu Iringa mjini na kumsomea majina ya kuandika. Aliposoma jina la mjane, Matilda, mzaliwa wa Igawa, fundi mzima alikaa chini juu ya mfuko wa saruji.

Angeweza kukataa, mafundi wamejaa tele. Akaja.

Huyo Matilda alikuwa wake. Yaani, angekuwa wake. Pale Igawa nyumba zao zilitazamana. Wakakua wakiuza karanga kwenye madirisha ya mabasi ya Mbeya, wakigombana asubuhi na kupatana mchana. Edmund alipofika miaka ishirini na mitatu akatuma mshenga na barua ya posa. Barua ikarudi haijafunguliwa. Weee! Kijana alivimba kichwa, akafunga begi, akaenda zake Iringa kujifunza uashi bila kumuaga mtu. Hakuoa tena. Walipomuuliza alisingizia kazi.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa amemaliza kupiga plasta ukuta mdogo wa kichwani. Majina huandikwa kwa ncha ya msumari plasta ikiwa mbichi. Ikishakauka ndiyo basi, labda uvunje. La Silvester alishaliandika. Upande wa pili hakuugusa.

Matilda akaja na chupa ya chai. Tangu jana, mbele za watu, kila mmoja alikuwa anajifanya hamjui mwenzake.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama."

Akammiminia chai, akakaa kwenye tofali zilizobaki. "Umezeeka, Edmund."

"Na wewe hukubaki mtoto."

Walicheka kidogo, halafu kicheko kikawaishia wote wawili.

"Kwa nini uliondoka?" Matilda akauliza.

"Unaniuliza mimi? Si baba yako alirudisha barua!"

"Barua ya kwanza si hurudishwa, Edmund? Kwetu inarudishwa kwa kila mtu, binti asionekane anatupwa. Unaituma mara ya pili ndipo inafunguliwa. Ya dada Yudith ilirudi mara mbili na leo ana wajukuu. Mshenga wako hakukwambia?"

Mshenga! Edmund hakuwa na baba wala mjomba pale Igawa. Mama yake alikuwa mtu wa kuja. Kazi ile alimpa dereva wa lori aliyefahamiana naye barabarani, mgeni kama yeye, asiyejua lolote la wenyeji.

"Nilikungoja miaka miwili," Matilda akasema. "Mbwa wakibweka, natoka nje. Mama alikuwa ameshaninunulia vitenge."

Edmund aliweka kikombe chini. Miaka thelathini na moja, jamani, kwa ujinga tu! Angekuwa ameibiwa angemlaani mwizi. Sasa amlaani nani?

"Nilikupenda, Matilda. Hata sasa nakupenda. Sijui kulisema kwa namna nyingine."

"Usiniambie hayo hapa. Silvester alikuwa mtu mwema kwangu."

"Najua. Watu wamenisimulia. Ndiyo maana nimemjengea vizuri."

Matilda akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Hapo Jofrey akaja akitokea nyumbani, anatembea haraka.

"Vipi fundi, jina la shemeji bado? Plasta si inakauka hiyo! Padre anabariki kesho."

Jofrey hakuwa mtu mbaya. Aliamini anampa shemeji yake heshima, kwamba ana kwao na hatahangaika uzeeni. Edmund akaokota msumari. Angeweza kuutupa, akasema jina hilo haandiki. Lakini jina halikuwa lake.

"Mama," akasema, "niandike?"

"Unamuuliza nini?" Jofrey akashangaa. "Ukoo ulishakaa, tukakubaliana."

"Mimi sikukaa nao, shemeji," Matilda akasema taratibu. "Kaka yako nimemuuguza miaka minne. Nimemzika, nimemlilia, na nitaendelea kumlilia. Ila jina langu likiwa hapo, kila nikija kufagia nitakuwa najifagilia mwenyewe. Mimi bado niko hai."

"Basi utazikwa wapi?"

"Sijui. Edmund, usiandike. Pajaze udongo."

Jofrey alilisikia lile jina lilivyotamkwa. Akamtazama fundi, akamtazama shemeji yake. "Kumbe mnafahamiana."

"Tangu hatuna meno," Matilda akajibu.

"Sawa. Lakini pakijazwa hapo, shemeji, usinitegemee tena nikutetee kwenye ukoo huu. Na nyumba ile ni ya ukoo."

"Nimekusikia."

Jofrey akasubiri kidogo, labda akidhani atajirudi. Alipoona hajirudi, akaondoka, na mwendo wake haukuwa na haraka tena.

Edmund alichukua mwiko, akaulainisha upande wa kulia wa plasta mpaka ukawa sawa, hauna alama. Alipogeuka, Matilda alikuwa ameshashika beleshi, anarusha udongo ndani ya lile shimo lake, anahema, hataki kupokewa. Edmund akatafuta la pili. Walijaza bila kusema neno mpaka udongo ukafika juu ya tofali. Kisha Matilda akavua kandambili, akapanda pale alipokuwa alazwe, akaanza kukanyaga ili udongo ushikane. Alikanyaga huku analia kwa sauti, mama wa miaka hamsini na miwili. Edmund akavua viatu, akapanda, akakanyaga naye.