Dakika Kumi za Kuitetea Balagha

Nilipewa dakika kumi niitetee Idara ya Balagha isifungwe. Mwalimu wake nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Miaka kumi na tisa nimefundisha watu namna ya kusema wakakubaliwa.

Mezani walikaa wajumbe wanne. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa falsafa. Kando yake shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa historia.

"Dada kanipigia simu mara tatu jana," shemeji alininong'oneza. "Nikikupinga, kwenu sionji tena chai. Kwa hiyo sema vizuri, bwana."

Nikasema vizuri. Niliwaonyesha kwamba mwanahistoria anapochagua kuanza na vita, au na njaa iliyovitangulia, tayari anashawishi. Mwanafalsafa akitunga mfano wa mtu aliyetumbukia kisimani, anashawishi. Mwanafasihi, mfasiri, mwanasheria, wote tunapikia chungu kimoja.

"Hamna chumba katika jengo hili ambamo balagha haimo," nikamaliza.

Karani alikuwa ameacha kuandika, ananitazama tu. Maishani sijawahi kusema vizuri vile.

Mwenyekiti akavua miwani. "Nilikuja na mashaka, mwalimu. Umeniondolea yote." Akawageukia wenzake. "Sasa kama imo kila chumba, ya nini kuitengea chake?"

Wakanyoosha mikono ya kuifunga. Shemeji aliunyoosha wake mwisho, nusunusu, kama mwanafunzi anayeomba kwenda msalani. Niliitazama mikono ile kama nguo za jirani kambani. Sikuhisi kitu.

Koridoni shemeji akanishika bega. "Ungewaambia balagha ina kitu ambacho sisi wengine hatuna. Kimoja tu, shemeji."

"Kipi?"

Akafikiri mpaka tukafika kwenye ngazi. "Si wewe ndiye mwalimu?"

"Basi dada yako utamwambia wewe."

"Mimi tena? Fundi wa maneno ni nani hapa?"

Nilimwambia mwenyewe, kwa maneno matatu. Mke wangu akaendelea kukunja mashuka. Akanipa ncha moja nimsaidie.

Asubuhi fundi alikuja kung'oa kibao mlangoni. Nilikuwa nimeshapanga vitabu kwenye maboksi, vinahamia ofisini kwa shemeji, nyuma ya kabati la ramani. Nikamshikia ngazi.

"Mwalimu, samahani," akasema, bisibisi mdomoni. "Balagha hasa ndiyo nini?"

"Niliwaeleza jana," nikamjibu. "Walinielewa."