Mzee Aliyeagwa Kabla ya Safari

Kuna watu huagwa wakiwa ndani ya jeneza, na kuna watu huagwa wamesimama kwa miguu yao. Hao wa kwanza wana bahati, maana hakuna anayewauliza kesho yake kwa nini bado wapo. Zakaria Sabiyumva alikuwa wa kundi la pili. Aliagwa Jumamosi ya tarehe kumi na sita Oktoba, mwaka 1993, katika kijiji kimoja cha juu ya Sotik, kwa hema, viti vya kanisa na mbuzi wawili. Wenyeji walimwita Sapi, kwa kuwa jina zima liliwashinda, naye alikuwa ameitikia jina hilo miaka mingi kiasi kwamba lile la kwao alilikumbuka tu alipoombwa kitambulisho.

Alikuwa Mrundi. Mwaka 1951, kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, alipandishwa lori la kampuni ya chai pamoja na wenzake, wakaambiwa ni mkataba wa miaka miwili tu. Miaka miwili ikazaa thelathini na minane. Alichuma, akapalilia, akapanda miche, mwishowe akawa nyapara wa watu wa kupogoa, na mkono wake ulijua mchai kama mama anavyojua kichwa cha mwanawe. Alipostaafu, kampuni ilimpa blanketi, saa ya ukutani, na mwezi mmoja wa kuihama nyumba ya laini, zile za safu walizojengewa wafanyakazi. Kwao hakukuendeka. Askari walikuwa wameikalia nchi, na barua ya mwisho kutoka nyumbani ilifika mwaka 1972, ikiwa na majina ya waliokufa na salamu za aliyeandika. Baada ya hapo hata huyo aliyeandika akanyamaza.

Aliyemsitiri ni Kipkemboi, Mkipsigis aliyefanya kazi naye mashambani kabla ya kurudi kulima shamba lake mwenyewe. Kipkemboi hakutaka kodi. Alimpeleka pembeni mwa shamba, akamwonyesha nusu ekari yenye mteremko, akamwambia ajenge, akae na mkewe mpaka kwao kutulie. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kati ya watu waliokula ugali wa sufuria moja miaka ishirini, karatasi ingekuwa matusi.

Basi Sabiyumva akajifunza maneno ya kuishi ugenini. Kila mazungumzo yalipogusa ardhi, iwe kanisani, iwe kwenye baraza ya chifu, aliwahi kusema kwamba yeye ni mpita njia tu, na kwao kukitulia atakwenda zake. Aliyasema akicheka, wenyeji nao wakacheka. Ndiyo kodi aliyolipa. Mgeni mwenye akili hujitangaza mgeni kabla hajatangazwa, na mwenye shamba hulala vizuri akisikia hivyo. Shida ya maneno ya namna hiyo ni kwamba kuna siku mtu huyaokota, akayaweka mfukoni.

Mara moja tu alisema kinyume. Mwaka 1990 mkewe Syprose alifariki, mwanamke wa upande wa ziwa aliyemkuta kwenye chai na kukaa naye miaka ishirini na saba bila mtoto aliyepona. Kaka zake walikuja kuzika, na kabla jembe halijagusa udongo, mkubwa wao, Jackton, akasimama mbele ya jeneza akauliza swali la desturi yao: je, hapa ni boma la mume wa dada yetu, au mnataka kumzika njiani? Sabiyumva alimtazama Kipkemboi. Kipkemboi akatazama chini, kisha akaitikia kwa kichwa. Ndipo Sabiyumva akaapa mbele ya watu kwamba hapa ndipo kwake, hana kwingine, na yeye mwenyewe atalazwa ubavuni mwa Syprose. Wakamzika chini kidogo ya nyumba. Hawakutia saruji. Saruji kwenye shamba la mtu ni kama kugonga muhuri, na Sabiyumva hakutaka kumtisha rafiki yake. Kipkemboi naye akafuata mwaka uliofuata.

Kisha zikaja siasa za vyama vingi, na mwaka 1992 watu walioishi pamoja tangu ukoloni wakaanza kuchomeana nyumba kwenye mpaka wa kuelekea Kisii. Watu wa upande wa ziwa walihama usiku na magodoro kichwani. Sabiyumva hakuguswa. Vijana wenye mishale walipita mlangoni pake, mmoja akasema huyo mwacheni, hana kura. Alishukuru Mungu siku hiyo kwa kutokuwa na kura. Hakujua kwamba kura ya nchi nyingine, ambayo pia hakuipiga, ndiyo ingemng'oa.

Juni ya mwaka uliofuata, redio ilitangaza kwamba Burundi wamepiga kura na askari wameshindwa. Sabiyumva aliketi akalia. Naapa alilia kwa furaha ya kweli; msije mkasema alikuwa mnafiki. Kwa miezi miwili alizungumza juu ya kilima cha mama yake, mto wenye mawe meupe na harufu ya ndizi zinazoiva shimoni. Kila aliyekutana naye alimpongeza, wakamuuliza ataondoka lini. Mwanzoni alijibu kwa kicheko. Kufikia Agosti swali lilikuwa limeshapoteza kicheko.

Aliyeuliza kuliko wote ni Gibson, mwana wa Kipkemboi, karani kwenye ofisi mpya za wilaya kule Bomet. Hakuwa mtu mbaya, Gibson, na hilo ndilo lililouma. Angekuwa mbaya, mzee angemkatalia. Alikuja na gazeti chini ya kwapa, akamsomea habari za kwao, akamtafutia barua ya chifu na karatasi ya kuvukia mpaka, akamchorea njia ya kupitia Kisii, Sirare na Mwanza. Jioni moja akaleta wazo la kumuaga. Alisema mtu aliyekaa hapa miaka arobaini na miwili hawezi kuondoka kama mwizi. Sabiyumva alitaka kusema kwamba afadhali kwanza aende peke yake akaangalie, arudi, ndipo aamue. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, na angemwelezaje mtoto wa Kipkemboi kwamba maneno ya miaka minne yalikuwa adabu tu?

Sherehe ilifana. Walimvisha shada la sinendet, lile la majani mabichi wanalovishwa watu waliorudi na ushindi. Akina mama walimpa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, ya njiani. Watu walikuwa wamechanga wakanunua sanduku jipya la kusafiria, lenye kufuli mbili. Wazee walimbariki, chifu akahutubia, Gibson akasoma risala ambayo ilimfanya Sabiyumva ajione mtu mkubwa kuliko alivyokuwa. Alipoitwa kujibu, ulimi usio na mfupa ukafanya kazi yake. Alimshukuru marehemu Kipkemboi. Akasema kwamba alipewa mahali pa kuweka kichwa, na leo mbele ya Mungu na serikali anapakabidhi kama alivyopapokea. Akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni akamwekea Gibson mkononi. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Rebeccah peke yake, mjane wa Kipkemboi, alibaki ameinama akichomoa uzi kwenye kitenge chake. Kuhusu kaburi, Sabiyumva aliomba lisisahaulike, na Gibson akaahidi kupanda maua.

Ikabaki kungoja karatasi ya mpaka. Hiyo wiki ya katikati mzee alilala katika nyumba aliyokwisha kuikabidhi, akifunguliwa na kufungiwa. Jumatatu Gibson alileta kamba, na vibarua wakaanza kuchimba mashimo ya chai toka juu ya mteremko kushuka. Mzee aliwarekebisha nafasi za mashimo, kwa mazoea tu, bila kuombwa.

Alhamisi alikwenda Sotik kununua viatu. Ndani ya duka la Gekara, akiwa ameingiza mguu mmoja, redio iliyokuwa juu ya kabati ikasema kwamba usiku wa kuamkia leo wanajeshi wa Burundi wameasi, rais mpya haijulikani kama yuko hai, na mipaka imefungwa. Gekara akapandisha sauti ya redio. Sabiyumva aliketi na kiatu kimoja cha zamani na kimoja kipya, akamuuliza mwenye duka kama alichosikia ndicho alichosikia. Gekara akamwambia pole, mzee, kisha akamvua kile kipya taratibu na kukirudisha kwenye sanduku lake. Siku zilizofuata zikaleta yaliyobaki: rais ameuawa, vilima vinawaka, watu wanakimbilia Tanzania kwa maelfu kupitia njia ileile ambayo Gibson aliichora.

Kijijini walimpa pole za siku mbili. Kisha jambo la ajabu likatokea: watu wakaanza kumwonea aibu. Waliokuwa wamemlilia Jumamosi walivuka upande wa pili wa barabara wakimwona. Mtu uliyekwisha kumuaga kwa machozi na mbuzi, ukikutana naye kisimani unamwambia nini? Mama mmoja aliyechangia sanduku aliuliza, si kwa ubaya, kama sanduku sasa litarudishwa. Walisahau kwamba nchi imeanguka. Walikumbuka tu kwamba sherehe imeharibika.

Gibson alikuja Jumapili baada ya ibada. Aliketi kwenye kigoda, akazungusha kofia mikononi, akasikitika kwa dhati juu ya mauaji yale. Kisha akafika pale alipokuwa akienda.

"Mzee, hiyo kitu iko ngumu hata kwangu," alisema. "Lakini si wewe ulisimama mbele ya chifu ukapeana hii shamba? Miche mia saba nimeshalipia, mvua ndiyo hii. Mtu akishaagwa, ameagwa."

"Nilikuwa na pa kwenda."

"Najua. Serikali iko na kambi za wakimbizi kule Turkana. Naweza kukuandikia barua."

Sabiyumva alimtazama kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kisu cha kupogoa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Mimi si mkimbizi, Gibson. Nilikuja hapa na lori la kampuni. Niliitwa."

Gibson aliweka kofia gotini. Halafu, kwa upole uleule uliokuwa ukimmaliza mzee kidogo kidogo, akamwambia kwamba basi kuna banda la ndama nyuma ya nyumba ya mama yake, linaweza kufagiliwa. Na kwa kuwa vibarua hawajui kupanda, yeye mtaalamu awasimamie, atapewa chakula na kitu kidogo. Nyumba yake itakuwa stoo ya mbolea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sabiyumva alikuwa amengoja miaka arobaini na miwili jembe lake limfikie.

Akakubali. Angefanya nini? Alihamisha blanketi, saa ya ukutani na sanduku lenye kufuli mbili, akalala mahali palipokuwa pakinuka maziwa. Asubuhi alisimamia upandaji katika nusu ekari yake mwenyewe, na alipanda vizuri, kwa sababu mkono wake haukujua kupanda vibaya. Kila mche ulikuja umekua ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni. Kanuni ni moja, na aliwarudia vibarua mpaka wakachoka: chana nailoni, uitoe yote, ndipo ushushe mche shimoni. Ukiuzika na nailoni yake, mizizi itajizungusha ndani kama mtu aliyefungwa gunia. Mche utasimama msimu mmoja, ukiwa kijani na mzuri kwa mtu wa ofisi, halafu utakauka.

Siku ya nne kamba ilifika kaburini. Gibson alikuwa amekwenda kazini. Aliacha agizo kwamba mistari isikatwe hata juu ya kaburi, mama yetu Syprose hatasumbuka, chai ni mti mdogo. Sabiyumva alijua mzizi wa chai unakwenda chini kiasi gani. Alikuwa ameng'oa mingi. Aliwatuma vibarua wakachukue miche mingine barabarani, akapiga magoti juu ya mkewe na kuchimba mwenyewe, mashimo matatu, urefu wa mtu mmoja.

Alikuwa ameshusha mche wa pili aliposikia hatua. Ni Rebeccah, amebeba kikapu cha miche begani. Aliinama akautazama mche uliokuwa shimoni. Mwanamke huyu alikuwa amepanda chai tangu siku Mwafrika aliporuhusiwa kuipanda.

"Sapi," akasema, "hujatoa nailoni."

"Najua, mama Gibson."

Rebeccah alitazama barabarani, akatazama nyumba iliyojaa mifuko ya mbolea. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, Gibson akiona miche imekauka mwakani atafanya nini.

"Ataita mtu wa kujaza mapengo kwa miche mingine," mzee akasema. "Na hapa anayejua kujaza mapengo ni mimi."

Akamaliza wa tatu, akashindilia udongo kwa ngumi. Halafu akasogea hatua moja kwenye mstari wa pili, ubavuni mwa Syprose, akaanza kuchimba tena mashimo matatu yaliyolingana na yale. Sasa alikuwa analia bila kujificha. Rebeccah hakuuliza hayo matatu ni ya nani. Alishusha kikapu, akapiga magoti upande wa pili wa kamba, akaokota mche, akaupangusa udongo juu ya nailoni, akamkabidhi.